Shajara ya matope: mikoko, stika na wanafunzi wangu, Januari hadi Oktoba 2024

Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa ushauri na unasihi aliye karibu na bahari na anayetaka kuiga. Nafundisha Baiolojia kwenye sekondari ya kutwa wilayani Mkinga, mkoani Tanga. Majina ya watoto siandiki, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili hata jirani asiwatambue. Makosa ni yangu, hayo sikuyagusa.

27 Januari 2024: Ilivyoanza

Binti wa kidato cha pili alipigwa picha amesinzia darasani, mdomo wazi. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini ilikuwepo moja. Jioni ile ile picha ikawa stika ya kutumiana kwenye simu, imeandikwa "Lala salama mpenzi". Ikapita kundi la darasa, ikaingia kundi la waliomaliza naye msingi, na mwisho mama yake akatumiwa na mteja wake wa maandazi. Mteja hakuwa na nia mbaya, alidhani mama ataona kichekesho.

Yule binti husinzia kwa sababu huamka saa tisa usiku kukanda unga na mama yake. Alikosa shule siku sita. Nilipokwenda kwao hakutoka chumbani.

Huyu alikuwa wa nne tangu shule ifunguliwe. Ofisi yangu ya unasihi ni meza iliyo kwenye kona ya stoo ya vitabu, na kila anayeingia huonekana na uwanja mzima. Mtoto akikaa pale dakika kumi, darasani wanamuuliza "umepatikana na nini?" Nikawaza kutoka nje. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliohusisha watu karibu 20,000: wanaotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walieleza afya na hali nzuri zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Waliohojiwa ni watu wazima, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Lakini dakika 120 ni Jumamosi moja ya maji kupwa, na nyuma ya shule yetu kuna mikoko.

Barua mbili, serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, hata kupanda unaomba. Majibu yalichukua wiki mbili.

10 Februari: Safari ya kwanza

Mwezi mpya ulikuwa usiku wa kuamkia leo, kwa hiyo ni bamvua na maji yamekupwa mbali kufikia saa nne na nusu asubuhi. Ukitaka kuiga, anza na kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya shule. Siku za maji mafu utafika ukute bahari haijaondoka.

Nilichukua wale wanne tu walioonewa. Niliona ni busara: kundi dogo, siri, utulivu. Nilinunua na gambuti jozi nne kwa shilingi 72,000.

Gambuti zilishindwa ndani ya dakika tano. Tope la mikoko hunyonya: mguu unatoka, gambuti linabaki. Mmoja alianguka akacheka, na hicho ndicho kicheko pekee cha siku. Tangu siku hiyo tunavaa raba za mtumba zilizofungwa kamba hadi kwenye kifundo. Miguu mitupu pia hapana, magamba ya chaza hukata kama wembe.

Jumatatu nikasikia jina jipya koridoni: "Wodi ya Mirembe." Mirembe ni hospitali ya Dodoma inayotibu maradhi ya akili, na kwa Mtanzania jina hilo limegeuzwa tusi. Watoto wangu wanne walikuwa wameitwa vichaa kwa sababu niliwatenga mimi. Zamani walidhihakiwa kila mmoja na lake. Sasa nimewapa dhihaka moja ya pamoja.

24 Februari

Nikatangaza mstarini klabu ya mikoko, wazi kwa yeyote, mwisho watu 24. Waliandikishwa 19, na wale wanne wakiwa humo bila alama yoyote. Tulipanda mbegu 70 za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado juu ya mti. Tulichagua uwanda mtupu wa tope mbele ya msitu, maana nafasi ilikuwa tele.

Baada ya kazi niliwaambia wakae kimya dakika kumi wasikilize bahari. Ilikuwa aibu. Kumi na tisa wa miaka kumi na nne hadi kumi na saba, kimya, wakitazamana: mmoja akajamba, kikao kikaisha.

9 Machi: Kosa kubwa kuliko yote

Tulipanda 50 nyingine. Kabla ya kuondoka niliwapanga, matope hadi usoni, nikawapiga picha. Walikuwa wamependeza. Nikaituma kwenye kundi la walimu na la wazazi kwa maneno ya sifa.

Jumapili jioni mwalimu mwenzangu akanionyesha stika. Binti wa maandazi, amekatwa kutoka picha yangu, tope shavuni, na maandishi: "Kaamka sasa."

Sijui ilitokea kwa mwalimu yupi au kwa simu ya mzazi yupi. Haijalishi. Picha niliipiga mimi, sikumwuliza mtu, nikairusha kwa watu zaidi ya mia. Siku hiyo nilikuwa nimefanya kitu kile kile alichofanya aliyempiga picha amesinzia, tofauti ni nia, na stika haina mahali pa kuandika nia.

Marekebisho: ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Simu zote zinaingia humo kabla ya kuvua viatu, yangu ikitangulia. Hatupigi picha, hata ya miche. Mwenye kutaka kumbukumbu ana penseli.

Nilikwenda kumwomba radhi, mama yake akiwepo. Alinijibu, "Sawa Madam," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

14 Machi: Siku ya simu

Ramadhani imeanza, matope yamesimama hadi baada ya Idi. Hatupeleki watu waliofunga juani. Nikatumia muda huo kwa kazi niliyokuwa naikwepa, maana ilikuwa imeshanidhihirikia kwamba hata tupande msitu mzima, stika bado inazunguka.

Tulivyofanya, kwa anayetaka kunakili: mama alihifadhi picha za skrini zenye namba ya mtumaji, tarehe na jina la kundi, basi. Hakuna kumtumia mtu mwingine "aone walivyomfanyia", maana kila anayetumiwa ni msambazaji mpya, akiwemo mwalimu. Kisha admini wa kila kundi akapigiwa simu, si kuandikiwa, aifute na awaombe wanakundi waiondoe. Makundi matano, jioni mbili.

Halafu kikao cha wazazi. Mkuu wa shule alizungumza maadili nusu saa, wazazi wakasinzia. Mimi nikawasomea kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo ni kosa, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Bado kimya cha kawaida. Ndipo nikauliza: laini ambayo mtoto anatumia nyumbani imesajiliwa kwa alama ya kidole cha nani?

Hapo walikaa wima. Mzee mmoja alitoa simu mfukoni akaitazama kama nyoka. Sikuwa na nia ya kumpeleka mtoto wa mtu mahakamani, na nilisema hivyo. Nilitaka wajue kwamba mtandaoni, mtoto wao anatembea na jina lao. Kufikia Jumatatu watatu walikuwa wamejitaja kwa mwalimu wa nidhamu, akiwemo mwenye stika ya kwanza.

27 Aprili: Hesabu ya misiba

Tumerudi baada ya Idi na mvua. Kati ya miche 120, iliyo hai ni 9.

Mingine imeng'olewa na mawimbi. Iliyobaki imesimama lakini imevikwa vile vigamba vyeupe vigumu vinavyoota kwenye tumbo la ngalawa. Vinaelemea mche hadi unalala. Watoto walivikwangua kwa kucha. Binti mmoja alilia, na nadhani hakulilia mche.

Babu mmoja anayetengeneza ngalawa pale pembeni alitutazama muda mrefu. Nilipomwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, pale tangu nazaliwa hapajaota mkoko. Nyie mmeona nafasi. Mngeuliza kwa nini pana nafasi."

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia na jambo hili nalijua kwa maandishi: mche wa mkoko unahitaji saa za kutosha nje ya maji, na uwanda ule unazama karibu kila maji yanapojaa, hata ya maji mafu. Mbele kabisa mwa bahari ni mahali pa aina nyingine za mikoko: mlilana, wenye mizizi ya kupumulia iliyosimama kama penseli, na mchu. Mkoko hukaa nyuma yake. Nililijua darasani, nikalisahau topeni kwa sababu ya kupenda eneo lisilo na vichaka.

4 Mei

Hatukwenda. Kimbunga Hidaya, tahadhari hadi Tanga, mitumbwi yote imevutwa juu.

11 Mei: Kupanda upya

Babu alituonyesha pengo ndani ya msitu, mahali palipokatwa miti zamani, ambapo miche michache ilikuwa imeshajiotea. Hicho ndicho kipimo chake: panda panapoota penyewe. Mbegu tuliziweka kivulini siku saba kwanza, zikikauka kidogo kaa hawazipendi sana. Unazamisha theluthi moja hadi nusu, hatua moja kubwa kati ya mche na mche. Tumepanda 110.

Kuhusu ule ukimya ulioshindikana, nimeubadilisha kwa hesabu. Kila wawili wana fremu ya fito, mita moja kwa mita moja. Iweke chini, hesabu matundu ya kaa, kisha subiri wenyewe watoke uwaandike. Kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa huingia shimoni ukitikisika tu. Ukitulia, anatokea mmoja, macho kwanza juu ya vijiti vyake, halafu gando linaanza kupunga kana kwamba anaita daladala. Ukijikuna pua, wote chini, unaanza upya. Watoto waliokataa kukaa kimya kwa ajili ya nafsi zao walikaa kimya dakika kumi na mbili kwa ajili ya kaa.

25 Mei: Adhabu

Mwalimu wa nidhamu, kwa nia njema, alinipa wale watatu waliojitaja: wapande mikoko kama adhabu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nahitaji mikono.

Waliniletea kikapu kitupu mapema sana. Nikaenda kuangalia. Mbegu 40, zote kichwa chini: chipukizi limezikwa, ncha ya mzizi iko juu inatazama mbinguni. Safu imenyooka vizuri kabisa, lazima niseme. Mmoja wao ni mtoto wa mvuvi, hakuna namna alikosea bila kujua.

Tulizing'oa tukapanda sawa. Lakini wengine walikuwa wamesikia neno adhabu, na mahali walipopapenda pakawa jela. Wawili walijitoa wiki hiyo. Nimemrudishia mwenzangu mamlaka yake: adhabu ifanyike shuleni, kwa njia za shule. Kwenye mikoko hatuleti mtu, mtu anakuja.

6 Julai: Kura

Muhula mpya. Mtoto wa mvuvi amekuja mwenyewe, hakuagizwa. Huyu ndiye mwenye stika ya kwanza.

Wawili wawili tunawapanga kwa kura za vikaratasi, ili marafiki wasijifungie. Kura ikamwangukia yeye na binti wa maandazi. Binti akaniambia kwa sauti ndogo, "Madam, nibadilishie." Nikamjibu, "Jaribuni tu." Ndani yangu nilikuwa naona tayari upatanisho, na mimi nikiwa mpatanishi.

Kwa muda wa saa mbili hakuinua macho. Hakuhesabu kaa hata mmoja. Safari iliyofuata hakuonekana. Nikaenda kwao, nikamkuta anachoma andazi la mwisho, mafuta yanalia. Alinieleza bila hasira: "Kule nilikuwa napapenda kwa sababu hakuna anayeniangalia. Madam ukamleta aliyeniangalia."

Kanuni mpya: aliyeonewa anachagua wa kukaa naye, na akisema nibadilishie, anabadilishiwa bila kuulizwa sababu. Msamaha siulazimishi tena. Mtoto wa mvuvi nilimpa kazi na Babu, ya kuchonga fito za fremu.

3 Agosti: Siku isiyo ya mikoko

Mvulana wa kidato cha tatu alibaki nyuma wengine wakinawa. Akaniambia haoni sababu ya kuamka asubuhi. Kulikuwa na akaunti feki yenye jina lake na picha zake, ikitukana watu, na kijiji kizima kilidhani ni yeye. Miezi miwili hakumwambia mtu.

Nilimuuliza moja kwa moja kama anafikiria kufa. Wengi wetu tunaogopa swali hilo tukidhani litamtia mtu wazo. Halimtii, linampa ruhusa ya kusema. Alisema ndiyo.

Aliniomba iwe siri. Nilimwambia hilo siwezi kumwahidi, ila kila nitakayemwambia atamjua kabla. Sikumwacha peke yake hata kwa kunawa miguu. Tulipanda bodaboda moja hadi kwa mjomba wake, tukakaa, kisha afisa ustawi wa jamii, na Jumatatu hospitali ya wilaya. Mjomba alilala chumba kimoja naye wiki ile. Namba 116, simu ya mtoto, ni bure, na nimeibandika ndani ya mfuniko wa ndoo, kila anayechukua simu yake anaiona. Akaunti tuliiripoti sote kwa siku moja, ikaondolewa baada ya siku tisa.

Anayesoma hapa ili aige, naomba asome tena aya hizo. Mikoko ilimpa mahali pa kusemea, na siidharau kazi hiyo. Lakini baada ya hapo alihitaji daktari, ndugu na nauli. Mwalimu atakayemrudisha mtoto wa namna hii kwenye kuhesabu kaa amefanya hatari.

21 Septemba: Gharama

Safari tisa hadi leo. Gambuti 72,000, pesa zilizopotea. Kamba na fito 11,000. Spiriti, bandeji na pamba 9,500. Uji wa safari 6,000 kila mara, jumla 54,000. Nauli za mwezi Agosti 28,000. Barua na kudurufu 4,000. Jumla shilingi 178,500. Shule ilitoa 100,000, zilizobaki ni mfuko wangu. Ukiacha gambuti unaanza kwa 106,500.

Wazazi wawili wameniuliza kama tutalipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko, kama wenzetu wa mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kenya, ng'ambo ya mpaka. Wale wanatunza hekta zaidi ya mia moja kwa kanuni na vipimo. Sisi tuna pengo la ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu.

19 Oktoba: Hesabu ya pili

Kati ya miche 150 ya Mei, iliyo hai ni 97. Ile 40 ya kichwa chini imefanya vizuri kuliko mingine, na mtoto wa mvuvi hachoki kuwakumbusha watu hilo. Wawili kati ya wanne wa mwanzo bado wanakuja, mmoja amehamia Tanga mjini, mmoja kaacha na amesema tu kwamba matope hayapendi, jibu ambalo naliheshimu. Yule wa kidato cha tatu anahudhuria kliniki, na mikokoni huja anapojisikia.

Stika ya kwanza iliibuka tena mwezi uliopita kwenye kundi la harusi. Mama alipiga simu kwa admini, ikafutwa kabla saa moja haijapita. Binti aliniambia habari hiyo siku ya nne yake, katikati ya mazungumzo mengine.

Yeye sasa ndiye mwenye rekodi ya kaa: dakika kumi na nane bila kutikisika, kaa thelathini na mmoja nje ndani ya fremu moja. Nilimtania kwamba ni kwa sababu alisinzia. Nilijuta neno likiwa bado mdomoni, lakini alicheka, akanijibu, "Hata nikisinzia, Madam, wao hawana kamera."

Uji nimeufuta kwenye bajeti. Leo alikuja na ndoo yake mwenyewe, imefunikwa kitambaa, akaiweka kando ya ndoo ya simu. Andazi moja shilingi 100, mikono inawe kwanza. Mtoto wa mvuvi alilipa kama wengine na kurudishiwa chenji. Mimi nilikuwa nimeacha pochi shuleni, nikaambiwa mkopo hakuna, nikasubiri hadi Babu aliponilipia.